Laptopu Yangu Ilipopoteza A

Jaribu kuandika neno "mama" bila A. Unapata "mm". Andika "Mombasa", unapata "Mombs". Andika "nakupenda" umtumie mtu wako, inafika "nkupend", na hapo ataanza kukuuliza umekunywa nini.

Mimi niliishi hivyo siku 11.

Sababu ni chai. Wacha niseme ukweli mapema tusipotezeane muda: hakuna mtoto aliyepiga kikombe teke, hakuna paka. Ni mimi. Jumapili asubuhi, mahamri na mbaazi upande mmoja, chai ya maziwa upande wa pili, laptopu katikati, na mimi najifanya naweza kuediti video huku nakula. Kiwiko kikagusa kikombe. Nusu ya chai ikaingia upande wa kushoto wa kibodi, pale pale A inapokaa.

Halafu nikaongeza makosa mawili juu ya hilo la kwanza. Moja, sikuizima. Nilianza kupangusa huku imewaka, ati kwanza nihifadhi video. Mbili, nilipoizima nikaizika kwenye mchele, venye watu husema. Walahi mchele hauna la kufanya na chai yenye sukari. Maji yatakauka hata bila mchele. Sukari na maziwa ndivyo hubaki ndani vikigandisha kila kitu. Ikikupata wewe, chomoa chaji, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, toa betri kama ni ile inayotoka, igeuze kifudifudi, na uiache hivyo siku mbili bila kuijaribu. Najua utaijaribu. Mimi pia niliijaribu.

Jioni ikawaka. Nikashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Nikafungua ukurasa niandike "Habari", ikatoka "Hbri".

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi kibodi inavyofanya kazi, kitu ambacho nilikuwa nimekibonyeza miaka yote bila kukifikiria. Kibodi nyingi za laptopu zina karatasi tatu nyembamba za plastiki zimelaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya kati ina matundu. Ukibonyeza herufi, ya juu inagusa ya chini kupitia tundu lake, na kompyuta inajua umebonyeza nini. Chini ya kila kitufe kuna kimpira kinachokirudisha juu. Herufi kadhaa hutumia njia moja, ndiyo maana A yangu haikufa peke yake. Iliondoka na Q, na Tab, na namba 1. Q sikuililia, hakuna neno la Kiswahili linaloihitaji. Lakini A?

Mpangilio huu wa herufi tunaotumia ulitoka kwenye taipureta ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Ulipangiwa watu wanaoandika Kiingereza, na herufi wanayoitumia zaidi ni E. Sisi tunaishi kwa A. Soma, andika, lipa, kaa, lala, vitenzi vyetu karibu vyote vinaishia hapo. Na hiyo A imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kinyonge kuliko vyote. Wanaotumia mpangilio wa Kifaransa wameweka A pale sisi tulipo na Q, na bado ni kidole kile kile.

Nilitafuta njia za kuzunguka. Nilinakili A moja kutoka mahali, kisha kila nikiihitaji nabonyeza Ctrl na V. Inafanya kazi, lakini kila A ni vidole viwili, na ukinakili kitu kingine kwa bahati mbaya A yako imeenda. Kuna pia kibodi ya kwenye skrini, ile unabofya herufi moja moja na kipanya kama kuku anayedonoa mtama. Nayo inafanya kazi, kama huna haraka ya maisha.

Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa na mteja anayeuza mapazia, nimwandikie matangazo 12 kwa shilingi 6,000. Mtu anauza mapazia na wewe huwezi kuandika mapazia. Nikaanza kukwepa maneno yenye A. Jaribu uone. Kiswahili hakina mlango wa kutokea huko. Sentensi pekee ya biashara niliyopata bila A hata moja ni "Bei yetu ni ndogo". Nikaitumia. Nikaitumia tena. Kwenye tangazo la nne mteja akapiga simu, kwa upole kabisa, akauliza kama nina wazo lingine.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaiangalia, akabonyeza A mara tatu, akasema kibodi na kazi ni 5,500. Halafu akanishauri kama ndugu: "Lakini ukweli, kaka, hii mashine ni mzee. Ongeza pesa uchukue ingine." Sikumlaumu. Amekodi kibanda, analipa stima, na akiiharibu ndani atailipa yeye. Shida ilikuwa kwenye M-Pesa yangu, kulikuwa na 2,400.

Na kuna jambo lingine ambalo fundi hakujua. Hii laptopu ni ya mtumba kutoka Uingereza, na Mama ndiye alininunulia nilipoingia chuo. Yeye ni mshoni. Pesa ilitoka kwenye zamu yake ya chama, zamu aliyoingojea muda mrefu. Chuo nikakiacha mwaka wa pili. Hiyo ni posti ya siku nyingine. Lakini kila akiiona hii laptopu mezani, najua kuna hesabu inapita kichwani mwake ambayo haisemi kwa sauti. Sasa umwendee umwambie, "Mama, ile laptopu nimeimwagia chai." Sikuwa na mdomo huo. Kwa hivyo nilikuwa nafanya kazi usiku, mlango nimeufunga, nikidonoa A moja moja.

Kitu cha kwanza cha akili nilichofanya katika hadithi hii yote hakikunigharimu hata shilingi. Niliazima kibodi ya USB kwa beshte wangu wa Bakarani, nikaichomeka. A ikatoka. Mstari mzima wa A. Maana yake kompyuta yenyewe ilikuwa salama, na mgonjwa ni kibodi peke yake. Kabla hujamlipa mtu yeyote, fanya hivyo. Kibodi ya nje ikifanya kazi, tatizo lako lina ukubwa unaojulikana.

Cha pili, nikatafuta mwongozo. Kampuni kubwa kama Lenovo, HP na Dell huweka mtandaoni miongozo ya matengenezo ya laptopu zao, bure, na picha za kila skrubu. Mimi nilidhani vitu hivyo ni vya mafundi waliosomea. Kumbe viko pale tu, vinangoja mtu mwenye bando. Nikausoma mara mbili, nikatazama video tatu za YouTube za modeli ile ile. Na nilikuwa na bahati: laptopu yangu ni ya zile ambazo kibodi hushikwa na skrubu za chini, ukizifungua unaisukuma kidogo kuelekea skrini, inainuka kwa juu. Si zote ziko hivyo. Kuna nyembamba ambazo lazima utoe kila kitu, ubao mkuu, feni, betri, ndiyo uifikie kibodi. Na kuna zile, MacBook nyingi zikiwemo, ambazo kibodi imepigiliwa kwenye bamba la juu, kwa hivyo kampuni hubadilisha bamba zima. Jua yako ni ya aina gani kabla hujagusa bisibisi.

Kibodi nikaagiza Luthuli, Nairobi. Angalia vitu viwili ukiagiza. Kwanza modeli kamili, ile iliyoandikwa chini ya laptopu. Usiseme tu "ile nyeusi ya inchi 14". Pili, umbo. Laptopu za Uingereza zina Enter iliyosimama kama L iliyopinduliwa, na alama ya pauni juu ya 3. Za Marekani zina Enter ndefu ya kulala. Kama herufi zako zinatokeza kwenye matundu ya bamba la juu, umbo lisipolingana haitaingia hata ukiisomea dua. Yangu haina matundu hayo, kwa hivyo ya Marekani ilifaa. 1,700 ya kibodi, 300 ya kuituma na basi la usiku, 250 ya bisibisi ndogo ndogo kutoka Kongowea. Zikabaki 150, ambazo ndizo zilizonipeleka Mwembe Tayari kuchukua mzigo na kunirudisha Mjambere.

Usiku huo huo saa nne nikaifungua. Mezani kwa Mama, pale anaposhonea, kwa sababu ndipo penye taa nzuri. Nilidhani amelala. Nimeshatoa betri, nimeshikilia kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, nimegusa grili ya dirisha kutoa umeme wa mwili kama video ilivyosema. Pangaboi nimezima nisipeperushiwe vitu, jasho linanitiririka. Skrubu tatu ziko ndani ya kifuniko cha soda. Nikasikia nyuma yangu:

"Wafanya nini?"

"Naifungua, Mama."

"Ushaiharibu."

Nikanyamaza.

"Ni chai?"

"Ni chai."

"Nilijua. Mchele wangu ulikuwa wanuka maziwa."

Siku zote 11 alikuwa anajua. Akavuta kiti. Akasema ile sentensi niliyokuwa naiogopa tangu nirudi nyumbani na begi langu: "Mimi sikukupeleka chuo uje uwe fundi." Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayesoma risiti. Sikuwa na jibu, nikaendelea kufungua skrubu, kwa sababu mikono ikiwa na kazi ni rahisi kunyamaza.

Akaangalia kile kifuniko cha soda.

"Hizo zatoka mahali pamoja?"

"Hapana."

"Sasa wazichanganyaje? Hii ndefu, hii fupi. Utarudisha vipi?"

Alikuwa sawa kabisa. Skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la ile fupi, inaweza kutoboa upande wa pili au kuumiza ubao. Mwongozo ulisema hivyo na mimi niliusoma mara mbili. Mama akainuka, akarudi na leso kuukuu na ile chaki yake ya kuchorea nguo. Akatandika leso mezani, akachora umbo la laptopu kwa chini, na kila skrubu niliyotoa akaiweka kwenye mchoro mahali ilipotoka. Akaniuliza kila moja: hii? Na hii? Nikawa nafungua, yeye anapanga. Ilikuwa ramani nzuri kuliko picha nilizopiga na simu.

Na akaanza kunihadithia kitu ambacho sijawahi kukisikia. Cherehani yake ya miguu, ile aliyonisomeshea, iliwahi kukwama nikiwa mdogo. Ilikuwa bado ana deni lake. Fundi akataka pesa ambazo ni sare mbili za shule alizokuwa hajazishona. Kwa hivyo usiku, sisi tumelala, akatandika leso, akachora na chaki, akaifungua mwenyewe. Mikono ilimtetemeka, alisema. Alikuta uzi umejisokota ndani tu. Alikaa na ile mashine wazi nusu saa akiogopa kuirudisha.

"Hukutwambia," nikasema.

"Ningewaambia nini? Kwamba sina pesa?"

Kibodi ikainuka. Chini yake kuna riboni bapa ya plastiki imeingia kwenye kidude kwenye ubao, na hapo ndipo watu wengi huua laptopu zao. Usiivute. Kuna kifungo chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, unakiinua taratibu, riboni inatoka yenyewe. Mama akanimulikia na simu. Nikatoa ya zamani. Kwa chini ilikuwa na madoa ya kahawia na bado inanukia iliki. Nikaingiza riboni ya mpya, nikafunga kifungo, nikarudisha kila kitu, skrubu zote kutoka kwenye leso, betri, nikawasha.

Hakuna kitu. Yaani skrini iliwaka, lakini hakuna herufi hata moja iliyofanya kazi. Nilikuwa nimeanza na kibodi isiyo na A, sasa nina kibodi isiyo na chochote. Saa sita kasorobo ya usiku, M-Pesa iko sifuri, mteja anangoja mapazia yake. Nikaweka kichwa juu ya meza. Nikawaza fundi alikuwa sawa. Nikawaza mengine pia, makubwa kuliko laptopu, unayajua kama umewahi kuacha kitu katikati.

Mama akasema, "Fungua tena."

"Mama, nimeiharibu."

"Umejuaje na hujafungua?"

Nikafungua tena. Riboni ilikuwa imeingia upande mmoja zaidi ya mwingine, tofauti ndogo kuliko unene wa kucha. Huwezi kuiona ukiwa na haraka. Nikaitoa, nikainyoosha, nikaingiza mpaka mwisho, ikalala sawa, nikafunga kifungo. Safari hii kabla ya kurudisha skrubu nikarudisha betri na kujaribu kwanza, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Nikaandika aaaaaaaaaa mpaka mwisho wa mstari.

Mama akasema, "Haya, yatosha, utaimaliza." Akaenda kulala.

Sasa maoni yangu, maana ndiyo mmekuja kusoma.

Sisemi kila mtu afungue laptopu yake. Kama betri imevimba, usiiguse, mpelekee anayejua. Kama chai ilifika kwenye ubao, kibodi mpya haitakusaidia. Na mafundi si wezi. Ile 5,500 ilikuwa na bei ya kujua riboni inakaaje bila kufungua mara mbili, na bei ya kulala usingizi wako saa sita kasorobo. Mimi niliokoa pesa na nikalipa kwa jasho na roho mkononi.

Ninachopinga ni hili neno "ingine". Kitufe kimekufa, chukua ingine. Simu imepasuka, chukua ingine. Ufaransa tangu Januari 2021 laptopu inauzwa ikiwa na alama kati ya 0 na 10, kuonyesha ni rahisi kiasi gani kuitengeneza, na mnunuzi anaiona kabla hajatoa pesa. Wale wananunua mpya. Sisi ambao mashine inatufikia ikiwa tayari imeshatumiwa na mtu mwingine ndio tungehitaji hiyo alama kuliko wao, na hakuna anayetuambia. Kwa hivyo ukienda kununua ya mtumba, uliza wewe: kibodi inatokaje? Betri inatokaje? Igeuze uone skrubu. Ukiona muuzaji anakushangaa, endelea kuuliza.

Na ninapinga pia venye tunasema "fundi". Mtaani tunalisema kama hukumu ya mtu aliyeshindwa na shule. Mama yangu amefunga skrubu na kupima kwa macho miaka yote ya maisha yangu, na bado alilisema neno hilo kama kitu cha kunikinga nacho. Namwelewa. Alitaka nifike mahali ambapo mtu hahesabu sare mbili za shule dhidi ya bei ya fundi. Sijafika huko. Lakini ile sentensi hajairudia tena, na Jumatano iliyopita aliniita, akaniwekea pasi yake iliyogoma mezani, akatandika leso.

Matangazo ya mapazia nilimaliza. Yote 12, yamejaa A. Mteja alilipa. Kitu kimoja kilinisumbua wiki nzima: nikibonyeza Shift na 2 nipate ile alama ya barua pepe, inatoka alama ya kunukuu. Ni kwa sababu Windows ilikuwa bado inadhani iko Uingereza. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, weka kibodi ya Marekani, imeisha.

Na skrubu moja ilibaki kwenye leso. Tuliifunga laptopu mara mbili na zote mbili ilibaki. Mama ameiweka kwenye mkebe wa vifungo. Anasema siku tukijua ni ya wapi, tutajua iko wapi.